Vitendanishi na Kingamwili: Nyenzo za Maabara na Suala la Kuaminika kwa Matokeo

Utangulizi

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya watu wa mwambao humkumbusha msikilizaji kwamba nyuma ya kila chombo kinachofanya kazi vyema pana jasho la mtu asiyeonekana. Mgonjwa anapokabidhiwa majibu ya maabara huona neno moja tu: ana ugonjwa au hana. Haoni chupa ndogo zilizohifadhiwa jokofuni, haoni unga uliopimwa kwa mizani nyetivu, wala haoni protini iliyotengenezwa na seli za panya katika nchi ya mbali. Ilhali vitu hivyo ndivyo vilivyotamka neno hilo. Vikikosea, neno nalo hukosea.

Makala haya yanadhamiria kueleza vitu hivyo ni nini na hufanya kazi vipi. Kwanza yatafafanua dhana ya kitendanishi pamoja na muundo wa neno lenyewe. Pili, yatamulika kingamwili, ambayo ni miongoni mwa vitendanishi vinavyotumiwa sana katika utafiti wa sayansi za uhai. Tatu, yatajadili sababu zinazofanya nyenzo hizi zidanganye, na hatua zinazochukuliwa kuzirekebisha. Hatimaye yataangazia dhima ya Kiswahili katika jambo hili, kwa kuwa makosa ya maabara na makosa ya lugha humwangukia mtu yule yule, yaani mwenye damu iliyopimwa.

Dhana ya Kitendanishi

Neno kitendanishi limeundwa kutokana na mzizi tend-. Mzizi huo umepokea kiambishi -an- cha kauli ya kutendana, kisha -ish- cha kauli ya kusababisha, na mwishoni kiambishi -i cha kuunda nomino. Mwanzoni mna kiambishi ngeli ki-, ambacho katika Kiswahili hubeba aghalabu majina ya vitu na ala. Kwa hivyo, kwa kulichambua neno lenyewe, kitendanishi ni kitu kinachosababisha vitu vingine vitendane. Ni nadra kupata istilahi ya kisayansi inayojieleza kwa uwazi kiasi hiki.

Kwa maana ya kitaaluma, kitendanishi ni dutu inayotiwa katika sampuli ili mmenyuko utokee, au ili kuwepo kwa kitu fulani kudhihirike. Kila aliyepitia shule amewahi kukiona kimoja. Mwalimu anapodondosha iodini juu ya jani lililochemshwa, na jani hilo likageuka rangi ya samawati iliyokoza hadi kukaribia weusi, iodini imefichua wanga uliokuwamo. Hali kadhalika, myeyusho wa Benedict ukipashwa moto pamoja na sukari kama glukosi hugeuka kutoka buluu na kuwa mwekundu kama tofali. Wanga na sukari vilikuwapo tangu mwanzo, ila jicho halikuwa na uwezo wa kuvitambua.

Mifano hii miwili inatosha kubainisha sifa tatu za kitendanishi bora. Sifa ya kwanza ni upekee: kitambue kile kinachotafutwa na kisikitambue kingine. Ya pili ni unyetivu: kiweze kukitambua kitu hata kikiwa kidogo mno. Ya tatu ni uthabiti: chupa ya leo na chupa ya mwaka ujao zitoe jibu lile lile kwa sampuli ile ile. Sifa hizi zitarejelewa mara kwa mara katika mjadala huu, maadamu karibu kila tatizo la vitendanishi hutokana na kukosekana kwa mojawapo.

Asili ya Baadhi ya Nyenzo za Maabara

Huenda ikadhaniwa kuwa vitendanishi vyote huzaliwa viwandani. La hasha. Vingi vimetokana na viumbe, na baadhi vilianzia jikoni.

Mfano mmoja ni agari, yaani ute mgumu ambao juu yake bakteria hukuzwa. Katika miaka ya 1880, watafiti wa maabara ya Robert Koch mjini Berlin walikuwa wakikuza bakteria juu ya jelatini. Jelatini iliwatatiza kwa njia mbili. Iliyeyuka katika joto la mwili wa binadamu, joto ambalo bakteria wengi wa magonjwa hulihitaji, na baadhi ya bakteria waliimeng'enya. Aliyetoa suluhisho ni Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti hao, ambaye alitumia agari kugandisha vyakula vyake. Agari hutokana na mwani mwekundu. Huyeyuka inapokaribia joto la maji yanayochemka, lakini ikishaganda hubaki imara katika joto la mwili, na ni bakteria wachache tu wanaoweza kuila. Hadi leo, maabara za hospitali kote duniani hutegemea ujuzi huo wa jikoni. Ikumbukwe kuwa mwani unaolimwa Unguja, Pemba na pwani ya kusini ya Kenya ni wa jamii nyingine. Huo hutoa karajinani, itumiwayo kuufanya mzito mchanganyiko wa vyakula na vipodozi.

Mfano wa pili ni kimeng'enya cha kunakili DNA. Mwaka 1966 Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walipata bakteria katika chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Bakteria hao, ambao baadaye waliitwa Thermus aquaticus, huishi katika joto ambalo lingeua viumbe wengi. Miaka mingi baadaye, baada ya Kary Mullis kubuni mwaka 1983 mbinu ya kuzidisha DNA kwa kuipasha moto na kuipoza mara nyingi, ilibainika kwamba vimeng'enya vya kawaida huharibika kila sampuli inapopashwa moto. Kimeng'enya cha bakteria wale wa Yellowstone hakikuharibika. Mbinu hiyo ndiyo iliyotumiwa duniani kote kupima UVIKO-19 kuanzia mwaka 2020. Wakati huo nchi nyingi, zikiwemo za Afrika, zilitambua kuwa kumiliki mashine hakufai kitu iwapo vitendanishi vimeadimika sokoni.

Kingamwili: Kutoka Mwilini hadi Maabarani

Kingamwili ni protini inayotengenezwa na seli nyeupe za damu za aina ya B mwili unapokumbana na kitu kigeni. Kitu hicho kigeni huitwa antijeni. Umbo la kingamwili hufanana na herufi Y. Imeundwa kwa minyororo minne ya protini: miwili mizito na miwili myepesi. Ncha mbili za juu za Y ndizo zinazoshika antijeni, mithili ya kufuli linavyopokea ufunguo wake. Mwili wa mtu mmoja unaweza kuunda kingamwili za aina nyingi ajabu, kila moja ikiwa na ncha za umbo lake.

Uwezo wa kingamwili ulidhihirika mwaka 1890, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walipoonyesha, mjini Berlin, kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au dondakoo yaweza kumkinga mnyama mwingine. Mwaka 1901, Behring alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya tiba. Kwa nusu karne iliyofuata, kingamwili ziliendelea kutazamwa hasa kama dawa.

Mabadiliko makubwa yalitokea watafiti walipoanza kuziona kama macho. Iwapo kingamwili hushika kitu kimoja na kukiacha kingine, basi ikifungwa taa ndogo itaonyesha kitu hicho kilipo. Hivyo ndivyo alivyofanya Albert Coons na wenzake nchini Marekani mwaka 1941, walipounganisha kingamwili na rangi inayong'aa, wakaweza kuitazama antijeni kwa hadubini. Mwaka 1971 watafiti wa Uswidi, Eva Engvall na Peter Perlmann, waliunganisha kingamwili na kimeng'enya kinachobadilisha rangi ya majimaji. Mbinu hiyo, ijulikanayo kama ELISA, ingali inatumiwa kupima virusi, homoni na sumu. Watafiti wa Uholanzi nao walifikia wazo kama hilo wakati huo huo.

Hata hivyo, kulikuwa na kasoro moja kuu. Ili kupata kingamwili, mtafiti alimdunga sungura au mbuzi antijeni, akasubiri kwa majuma kadhaa, kisha akatoa damu. Damu hiyo huwa na mchanganyiko wa kingamwili nyingi, kila moja ikishika sehemu tofauti ya antijeni. Hizi huitwa kingamwili za polikloni. Sungura wa pili hatoi mchanganyiko sawa na wa kwanza. Zaidi ya hayo, sungura anapokufa chemchemi hukauka, na mtafiti hulazimika kuanza upya na mnyama mwingine. Sifa ya uthabiti ilikosekana kabisa.

Ugunduzi wa Mwaka 1975

Suluhisho lilipatikana Cambridge, Uingereza. Georges Köhler, kijana kutoka Ujerumani, na César Milstein, mzaliwa wa Ajentina, walijiuliza namna ya kuipata seli moja itengenezayo kingamwili moja na kuifanya iishi bila kikomo. Seli ya B ikitolewa mwilini hufa baada ya muda mfupi. Seli ya saratani, kwa upande wake, huendelea kugawanyika pasipo kuchoka. Wataalamu hawa waliamua kuziunganisha.

Walichukua seli kutoka katika wengu wa panya waliokuwa wamedungwa chembe nyekundu za damu ya kondoo, wakaziunganisha na seli za saratani ya uboho wa panya. Matokeo yake yalikuwa seli chotara, ambazo baadaye zilipewa jina la haibridoma. Seli hizo zilirithi kutoka kwa mzazi mmoja uwezo wa kutengeneza kingamwili, na kutoka kwa mwingine uwezo wa kuishi bila kikomo.

Yafaa kueleza jinsi machotara hao wanavyotengwa na seli zisizoungana, kwa kuwa hapo ndipo penye werevu wa mbinu yenyewe. Seli zote huwekwa katika chakula chenye dawa inayoziba njia ya kawaida ya kutengeneza malighafi za DNA. Seli za saratani zilizotumiwa hukosa kimeng'enya cha kupitia njia ya pili, kwa hivyo hufa. Seli za wengu zisizoungana zina kimeng'enya hicho, lakini hufa zenyewe kwa kuwa hazina uwezo wa kudumu nje ya mwili. Seli chotara peke yake ndiyo iliyo na kimeng'enya na pia uhai wa kudumu. Baada ya majuma machache hubaki machotara tu. Hatimaye hugawanywa hadi kila kishimo cha sahani kikawa na seli moja, na uzao wa kila seli hupimwa. Ule unaotoa kingamwili inayotakiwa hukuzwa na kugandishwa kwa matumizi ya miaka mingi. Kwa kuwa zote hutoka katika seli mama moja, kingamwili hizi huitwa za monokloni.

Ugunduzi huo ulichapishwa mwaka 1975 bila kusajiliwa hataza, na mbinu ikaenea upesi katika maabara za dunia. Mwaka 1984, Köhler na Milstein walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Nairobi haikuachwa nyuma. Maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, ILRAD, ilikuwa imeanzishwa jijini humo mwaka 1973. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wake tayari walikuwa wakitumia kingamwili za monokloni kuchunguza Theileria parva, kimelea kinachosababisha ndigana kali ya ng'ombe na kuenezwa na kupe. Wafugaji na madaktari wa mifugo walikuwa wamekabiliwa na fumbo: ng'ombe aliyekingwa dhidi ya kimelea kutoka eneo moja aliweza kuugua akikumbana na kimelea kutoka eneo jingine. Kingamwili hizo ziliwezesha kuonyesha kwamba vimelea vinavyofanana machoni hutofautiana katika antijeni zao. Maabara hiyo baadaye iliunganishwa na kituo cha Addis Ababa na kuwa taasisi ya ILRI.

Kuna mnyama mwingine wa Afrika ambaye amechangia taaluma hii pasipo kutarajiwa, naye ni ngamia. Mwaka 1993 watafiti wa Ubelgiji walieleza kuwa baadhi ya kingamwili za ngamia hazina minyororo myepesi. Ncha moja ndogo kutoka katika kingamwili hizo yaweza kushika antijeni ikiwa peke yake. Kwa udogo wake hupenya mahali ambapo kingamwili ya kawaida haiingii, tena hustahimili joto zaidi. Leo hii zipo dawa na vitendanishi vilivyoundwa kwa kufuata mfano huo wa ngamia.

Mfano wa Karibu: Kipimo cha Haraka cha Malaria

Nadharia hizi huonekana waziwazi katika kifaa kidogo cha plastiki kinachopatikana katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki. Ndani yake mna ukanda wa nitroselulosi, na katika ukanda huo kingamwili zimepangwa mahali patatu.

Tone la damu huwekwa upande mmoja pamoja na matone ya myeyusho unaopasua chembe za damu. Majimaji yanapopanda ukandani hukutana kwanza na kingamwili zilizofungwa punje ndogo mno za dhahabu. Ikiwa damu ina protini iitwayo HRP2, ambayo hutengenezwa na kimelea Plasmodium falciparum, kingamwili hizo huishika na kusafiri nayo. Mbele zaidi kuna mstari wa kingamwili nyingine zilizogandamana na ukanda, nazo pia hushika HRP2. Hapo protini hubanwa katikati, dhahabu hukusanyika, na mstari huonekana. Punje za dhahabu zikiwa ndogo kiasi hicho hazing'ai kwa manjano kama pete, bali huonekana nyekundu. Mbele kabisa kuna mstari wa tatu, ambao huzishika zile kingamwili zenye dhahabu zilizobaki, pawe na malaria au pasiwe. Huu huitwa mstari wa udhibiti.

Watu wengi hudhani kwamba mstari wa udhibiti ukionekana, jibu limethibitishwa kuwa sahihi. Dhana hiyo si kamili. Mstari huo huonyesha tu kwamba majimaji yalipita na kwamba kingamwili zenye dhahabu zilifika. Hauwezi kuonyesha kwamba kimelea kilichomo katika damu hiyo hutengeneza protini inayotafutwa.

Upungufu huo ulidhihirika nchini Eritrea. Katika hospitali za Ghindae na Massawa, wagonjwa walipimwa kwa kifaa na kuonekana hawana malaria, ilhali vimelea vilionekana kwa hadubini. Uchunguzi wa DNA ulibainisha kuwa vimelea vya wengi wao vilikuwa vimepoteza jeni ya HRP2. Kimelea kinaweza kuishi bila protini hiyo, na kisipokuwa nayo kifaa hakikioni. Mwaka 2016 nchi hiyo iliacha kutegemea vipimo vya HRP2 pekee. Vimelea vya namna hiyo vilikuwa vimeripotiwa mapema nchini Peru, na tangu hapo vimepatikana katika nchi kadhaa za Pembe ya Afrika na kwingineko. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nchi ibadilishe aina ya kipimo iwapo zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wa falciparum hukosewa na kipimo kwa sababu hiyo.

Kosa la upande wa pili pia hutokea. HRP2 huweza kubaki katika damu kwa majuma kadhaa baada ya vimelea kuuawa na dawa. Mtu aliyekwisha kupona akipimwa tena huonekana mgonjwa. Kwa hivyo, kipimo hujibu swali dogo kuliko lile analoliuliza mgonjwa. Mgonjwa huuliza, "Je, nina malaria?" Kifaa hujibu tu kama kimeiona HRP2.

Vitendanishi Visivyoaminika

Iwapo kifaa kilichokaguliwa kwa makini chaweza kupotosha, hali huwa tete zaidi kwa kingamwili zinazouzwa kwa ajili ya utafiti, ambazo nyingi hazipitii ukaguzi wa aina hiyo. Mwaka 2008 watafiti wa mradi wa Uswidi wa kuchora atlasi ya protini za binadamu walitoa taarifa ya majaribio ya zaidi ya kingamwili 5,000 zilizonunuliwa kutoka kwa wauzaji mbalimbali. Takriban nusu tu ndizo zilizofaa kwa matumizi waliyoyakusudia. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiungwa mkono na wataalamu wengine zaidi ya 100, waliandika katika jarida la Nature wakitaka kingamwili za utafiti zitambulishwe kwa mfuatano wa jeni zake, kwa hoja kwamba fedha nyingi zinapotea. Mwaka 2023 kundi jingine lilichapisha matokeo ya majaribio ya kingamwili 614 zinazolenga protini 65, na kuonyesha kwamba makala nyingi za kisayansi zilikuwa zimetegemea kingamwili zisizotambua protini iliyotajwa.

Sababu za hali hii ni kadhaa. Mosi, kingamwili inaweza kushika protini nyingine yenye umbo linalokaribiana na la protini inayotafutwa. Pili, kingamwili inayotambua protini iliyokunjuliwa kwa joto na sabuni huenda isiitambue ikiwa katika umbo lake la asili, na kinyume chake ni kweli. Kwa hivyo, kingamwili inayofaa kwa mbinu moja yaweza kuwa bure kwa mbinu nyingine. Tatu, kingamwili za polikloni hubadilika kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine, ingawa chupa hubaki na jina lile lile. Nne, baadhi ya watafiti huchagua kingamwili kwa kuwa ilitajwa katika makala za awali, pasipo kuipima wenyewe. Kosa la mmoja hugeuka mapokeo ya wengi.

Njia ya kuitahini kingamwili inajulikana. Jeni ya protini inayotafutwa huondolewa katika seli, kisha seli hizo hupakwa kingamwili. Protini haimo tena. Kwa hivyo pasionekane kitu. Iwapo mwanga utaonekana, kingamwili inashuhudia kitu kisichokuwapo. Aidha, wataalamu wanahimiza matumizi ya kingamwili zinazotengenezwa kutokana na jeni iliyosomwa na kuhifadhiwa, maana hizo hazitegemei tena maisha ya mnyama wala ya seli chotara. Vilevile, kila makala ya kisayansi hutakiwa kutaja namba ya utambulisho ya kingamwili iliyotumika, ili msomaji aweze kuifuatilia.

Uhifadhi na Usalama

Hata kitendanishi bora huharibiwa na uzembe. Vimeng'enya vingi huwekwa katika nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, vikiwa vimechanganywa na gliserini ili visigande. Kingamwili hudhoofika zikigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Ndiyo maana mtaalamu mwangalifu huzigawanya katika vichupa vidogo siku ya kwanza, akatumia kimoja kimoja. Seli hai huhifadhiwa katika naitrojeni ya majimaji, ambayo joto lake ni takriban nyuzi 196 chini ya sifuri. Mahali ambapo umeme hukatika, jokofu lisilo na jenereta huweza kuharibu kazi ya miezi mingi usiku mmoja, na uharibifu huo hauonekani kwa macho. Majimaji hubaki maangavu kama jana.

Kwa upande wa usalama, kemikali kadhaa za maabara hudhuru vibaya. Akrilamaidi ambayo haijaganda hudhuru neva. Asidi kali inapozimuliwa, humiminwa polepole ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi. Sababu ni kwamba mchanganyiko huo hutoa joto jingi. Maji machache yakitiwa katika asidi nyingi huchemka ghafla na kurusha asidi usoni mwa mtu, ilhali maji yakiwa mengi hulipokea joto hilo bila kuchemka.

Nafasi ya Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini sayansi inaendelea kufundishwa kwa Kiingereza katika shule za upili na vyuo vikuu. Matokeo yake ni kuwa mtafiti hujifunza dhana kwa lugha moja na kulazimika kuieleza kwa lugha nyingine anapokutana na mgonjwa au mshiriki wa utafiti. Si kwamba istilahi hazipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tatizo ni kwamba istilahi hazitumiwi kwa usawa. Wapo wasemao kingamwili, wapo wasemao antibodi, na wapo wanaotosheka na neno kinga.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Kinga ni hali ya mwili kutoshikwa na ugonjwa. Kingamwili ni protini. Mara nyingi huenda pamoja, lakini si daima. Vipimo vingi vya haraka vya virusi vya UKIMWI hutafuta kingamwili, na zikipatikana kwa mtu mzima ni dalili ya maambukizi, wala si ya kukingika. Mtu akiambiwa kwamba "kinga dhidi ya virusi imeonekana katika damu yako," anaweza kurudi nyumbani akishangilia habari ambayo ilipaswa kumpeleka kwenye matibabu. Mtu aliyeambukizwa siku chache zilizopita naye huenda asiwe na kingamwili za kutosha kuonekana, hivyo kukosekana kwake si thibitisho la usalama. Kwa mtoto mchanga, kingamwili za mama hupita na kubaki katika damu yake kwa miezi mingi. Kwa sababu hiyo, watoto walio chini ya miezi 18 huthibitishwa kwa kutafuta virusi vyenyewe. Mama asiyeelezwa tofauti hiyo huweza kumhesabu mwanawe kuwa mgonjwa kabla ya wakati.

Jukumu la mwanafunzi wa Kiswahili linaonekana wazi hapa. Fomu za idhini ya kushiriki utafiti, maelezo ya majibu na mabango ya zahanati huhitaji mtu anayejua sarufi na istilahi, na ambaye yuko tayari kumuuliza mwanasayansi maana halisi ya dhana kabla ya kuitafsiri. Vivyo hivyo, neno kitendanishi lisichanganywe na kipimo: kitendanishi ni kile kilicho ndani, na kipimo ni kifaa au tendo zima.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kitendanishi ni kisababishi cha mtendano unaofichua kisichoonekana, na kwamba ubora wake hupimwa kwa upekee, unyetivu na uthabiti. Yameeleza safari ya kingamwili kutoka damu ya wanyama hadi seli chotara za mwaka 1975 na jeni zilizohifadhiwa za leo. Yameonyesha pia, kwa mfano wa malaria na wa UKIMWI, kuwa kila kipimo hujibu swali lililofinyangwa na kitendanishi kilichomo. Asiyelijua swali hilo hawezi kulielewa jibu. Inapendekezwa, basi, kwamba idara za Kiswahili na za sayansi za uhai katika vyuo vikuu zishirikiane kuandaa maelezo sahili ya vipimo vinavyotumiwa sana, na kwamba maelezo hayo yataje kipimo kinatafuta nini, kinaweza kukosea wapi, na mgonjwa afanye nini majibu yakitatanisha. Kazi hiyo haihitaji mashine za bei ghali. Inahitaji kamusi, mwanasayansi mwenye subira na mwandishi asiyeona haya kuuliza.